Karatasi Chini ya Picha ya Mama

Jengo letu lilikuwa ghala la kahawa. Mpaka leo, mvua zikianza, ukuta wa nyuma hutoa harufu ya magunia, na wageni huniuliza kama tunauza kahawa. Nawajibu kwamba hapa tunaonyesha picha, kahawa wavuke barabara. Mwenyekiti wa kamati anasema nina mdomo, na hajakosea. Nilifundisha hisabati maisha yangu yote, nikastaafu, nikakaa nyumbani Moshi miezi mitatu nikigombana na kuku. Kamati iliponiomba niwe msimamizi wa ukumbi huu, sikungoja waniombe mara ya pili.

Tuna maonyesho manne kwa mwaka. La masika huwa dogo, kwa sababu bati linavuja na picha tunazitundika mahali pakavu tu. La kipupwe tunalifanya kukiwa na baridi ile ya Julai, watu wanakuja na makoti yao, jioni tunawapa mtori na mtu mmoja anazungumzia kazi yake. La vuli ni la shule. La Desemba ndilo kubwa. Desemba kila mtu aliyezaliwa kwenye migomba hii anarudi, awe Dar, awe Mwanza, awe wapi. Wakishakaa juu mlimani siku mbili wakiulizwa na bibi zao wataoa lini, wanashuka mjini kutafuta mahali pa kujificha, nasi tuko wazi kuanzia saa tatu asubuhi.

Kazi yangu ni kufungua mlango, kupokea kazi za watu, kuzipangia ukuta, na kuandika vile vikaratasi vinavyobandikwa chini ya kila kitu. Hivi vikaratasi ndivyo ninavyovipenda kuliko yote. Tangu mwanzo nilijiwekea sharti kwamba siandiki karatasi kutoka kichwani mwangu. Mwenye kazi namketisha, namwekea chai, namuuliza hiki ni nini, kisha naandika alivyosema bila kuongeza chumvi. Mama mmoja wa Kahe alituletea mkeka, mzuri mno, nikadhani atanieleza habari za rangi. Akasema, "Andika kwamba niliusuka nikiwa nimenuna." Nikaandika. Mpagazi mmoja wa mlimani alileta kiatu kimoja kilichochakaa. Karatasi yake ilisomeka: "Cha kushoto. Cha kulia kilibaki juu." Watu walisimama zaidi mbele ya kile kiatu kuliko mbele ya picha za mafuta.

Sharti hilo nililivunja mara moja tu, na nililivunja kwa mama yangu mzazi.

Kila Alhamisi tuna darasa la wazee la kuchora. Anafundisha dada mmoja mpole kuliko mimi mara kumi. Mama anaishi Kilema peke yake, na nilimleta darasani kwa nia ya kumtoa nyumbani tu. Siku ya kwanza alilalamika njia nzima. "Mimi nichore nini, mtu niliyeshika penseli mara ya mwisho nikiwa darasa la nne?" Alhamisi ya tatu nilimkuta akiwaambia wenzake wasogee, wanamzibia mwanga. Ikawa kila Jumatano jioni anashuka, analala kwangu, asubuhi ananikemea kwamba tunachelewa.

Mwezi wa kumi na moja mwalimu aliwapa kazi moja ya kufanya mpaka maonyesho. Kila mtu achore mahali anapopajua hata akifumba macho. Mama alichora kihamba chetu, yaani shamba la ukoo na nyumba yake ndani. Alikichora kwa Alhamisi nne. Aliiweka nyumba, mlango ukitazama mlima. Akauweka mfereji, migomba, na mibuni chini yake. Halafu akachukua penseli ya kijani akapanga masale kwa mstari, moja moja, akihesabu kwa midomo. Kwetu masale ndiyo mpaka. Mmea ule wa majani marefu ukishapandwa kati ya kihamba na kihamba, hakuna mtu mwenye akili zake anayeugusa, na kesi za ardhi huamuliwa kwa kuutazama. Mwisho kabisa mama alichora msesewe, ule mti ambao gome lake hutiwa kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, kuipa uchungu wake. Akaweka penseli chini akasema amechoka.

Siku ya kutundika picha nilikuwa peke yangu ukumbini. Niliiweka ya mama mahali pazuri, mkabala na mlango, nikarudi nyuma hatua mbili kutazama kama imenyooka. Ndipo nikaona. Msesewe ulikuwa ndani ya masale, upande wetu.

Msesewe ule, tangu nipate akili, uko kwa baba mdogo. Baba mdogo ni mdogo wake marehemu baba, na kihamba chake kinapakana na chetu. Gome la mbege ya ukoo mzima hutoka kwake, na mimi mwenyewe nimetumwa mara nyingi kwenda kuliomba. Nikapiga hesabu harakaharaka. Baba alifariki nikiwa chuo cha ualimu. Mama akabaki mjane na mabinti watupu. Nani angemzuia mtu kung'oa masale na kuyasogeza hatua nne? Nikamwona mama akinyamaza miaka yote hiyo, na sasa ameshika penseli, ameusema ukweli kwa njia aliyoiweza. Mwalimu mzima wa hisabati, kwa hasira sikukagua hata kwamba mti ulikuwa kwake tangu baba yuko hai.

Ningeweza kumpigia simu. Mama alikuwa amerudi juu, na simu yake inataka upige kelele mpaka majirani wasikie, lakini huo ni udhuru. Sikutaka kuuliza kwa sababu nilishajua. Nikakaa mezani, sikumketisha mtu wala kuchemsha chai, nikaandika kwa mwandiko wangu ule wa ubaoni: "Kihamba chetu Kilema, na mpaka wake wa haki."

Ufunguzi ulikuwa Jumamosi. Mama hakushuka, ng'ombe wake alikuwa anakaribia kuzaa. Kufika saa tano ukumbi umejaa, watu wa Kilema, wa Marangu, wa mjini, watoto wao wakizungumza Kiswahili cha Dar na kupiga picha kila kitu. Mwalimu wa kuchora alisimama karibu na picha ya mama, akasoma karatasi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Haya ni maneno ya mama?" Nikamwambia aangalie chai isifurike.

Baba mdogo akaingia. Alikuwa amevaa koti lake la misa na kofia, na amebeba mkungu wa ndizi mbivu. Hakuwahi kukanyaga pale ukumbini. Baadaye nilikuja kujua kwamba mwezi mzima mama alikuwa akimsimulia ile picha kutoka upande wake wa masale, kila asubuhi, mpaka akaamua kuja kuiona. Ndizi zilikuwa za chai yetu. Akanikabidhi, nikampa shikamoo, akaitika, akaenda moja kwa moja mbele ya picha.

Alitazama sana. Alitabasamu, hilo nililiona. Kisha akainama kusoma karatasi, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Hii ameandika nani?"

"Mimi, baba mdogo."

"Mpaka wa haki una maana gani?"

Aliniuliza polepole, kama mtu anayetaka kuelezwa kweli. Ningeweza kumchukua pembeni. Chumba cha nyuma kilikuwa wazi, na kiti kilikuwepo. Lakini nilikuwa na watu mbele yangu, na mimi nikiona watu mbele yangu narudi kuwa mwalimu. Nikamtolea uvivu.

"Msesewe nimeuona upande wetu hapo pichani," nikasema. "Leo uko kwako. Sasa nilikuwa nataka unieleze, baba mdogo, ulihamaje? Miti ina miguu?"

Watu wakacheka. Si wote, lakini wa kutosha. Kuna kijana nyuma aliyesema, "Duh, mama mkali." Nakiri kwamba lile neno lilinipendeza.

 Baba mdogo alikuwa amepewa kikombe cha chai, hajakinywa. Akakiweka mezani taratibu, akavaa kofia yake, akatoka. Nilimwona kupitia dirisha akisimama barabarani kama mtu aliyesahau njia, halafu akaondoka.

Siku ya tatu mama alinipigia. Mama hapigi simu, hupigiwa.

"Umemfanya nini shemeji yangu?"

"Kwani kuna nini?"

"Siku tatu hajaniletea majani. Hajaniita asubuhi. Nimemwita mimi, ameingia ndani."

Hapo lazima nieleze. Tangu baba afariki, kila asubuhi baba mdogo hukata majani ya ng'ombe mafungu mawili. Moja lake, la pili hulirusha juu ya masale, na akilirusha humwita mama na kumuuliza ameamkaje. Mama humjibu kutoka jikoni. Wakati mwingine hukaa wakizungumza hapohapo mpakani mpaka jua liwe kali, yeye huku na huyu kule. Sisi mabinti tuko mbali, kila mmoja na maisha yake. Mtu ambaye angejua kama mama ameamka ama hakuamka alikuwa ni yule, hakuna mwingine.

"Na mbuzi wa Krismasi?" mama akaendelea. "Nimesikia watoto wake wanasema watachoma ndafu yao peke yao. Mwanangu, mimi sina miaka ya kununiana na watu. Umefanya nini?"

Nikapanda Kilema siku ileile. Nilimkuta mama bandani, ng'ombe ameshazaa, ndama amelala kwenye majani makavu. Nikamsimulia yote, na nakumbuka nilisimulia kwa kiburi. Nilimwambia nimeona alichochora. Nilimwambia asiogope tena, yupo mtu wa kumsemea.

 Mama akanivutia kigoda cha kukamulia, akaniambia nikae.

"Wewe ulizaliwa mimi sina maziwa," akasema. "Titi moja lilifanya jipu, la pili likakauka. Ng'ombe wetu alikuwa amekufa mwezi uliotangulia. Ukawa unalia mpaka sauti ikaisha, unafungua mdomo tu. Baba yako mdogo alikuwa na ng'ombe mmoja, mwekundu, na watoto wawili wadogo ndani. Asubuhi nikasikia kwato mlangoni. Amemfunga kwenye nguzo yetu. Akasema, 'Shemeji, huyu atakaa hapa mpaka mtoto awe na meno.' Alikaa miaka mitatu. Watoto wake wakanywa chai ya rangi."

Alisema hayo huku akimfuta ndama kwa gunia.

"Baba yako hakuwa na ng'ombe wa kumrudishia asante. Siku moja akachukua jembe, akang'oa masale kwa mkono wake mwenyewe, akayapanda upande wetu wa msesewe. Shemeji alikataa kabisa. Waligombana hapo mpakani, nikawasikia. Baba yako akamwambia, kama hutaki mti, chukua ng'ombe wako. Na wewe ulikuwa bado unakunywa. Akanyamaza."

"Mbona hamkuniambia?"

"Baba yako alisema mtoto asihesabiwe maziwa aliyokunywa."

Nikauliza, sauti imeshanipungua, kwa nini basi aliuchora msesewe upande wetu. Mama akanishangaa kana kwamba mimi ndiye mzee.

"Si mlisema tuchore mahali tunapopajua tukifumba macho? Mimi nikifumba macho naiona siku niliyoletwa hapa kuwa mke. Siku hiyo msesewe ulikuwa huku. Hukuniuliza."

 Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na mimi niliwahi kufundisha mbele ya mkaguzi nikiwa nimevaa sketi nje ndani. Nikalia pale kwenye kigoda. Mama hakunibembeleza. Alimaliza kumfuta ndama, akanipa kisu cha jikoni.

"Nenda kakate isale."

Kwetu mtu aliyekosa haendi na maneno matupu. Hukata jani la isale, hulifunga fundo, huenda nalo mkononi kwa yule aliyemkosea. Akishaliona hana ruhusa ya kukufukuza, hata kama ulimwulia mtu. Kwa desturi hutafutwa mzee akutangulie. Nilimwambia mama nitatafuta mtu. Akasema mdomo uliokosa ni wangu, basi uende kwa miguu yangu. Akanielekeza jani la kukata, kwenye shina la tatu kutoka mferejini. Shina lile baba alilipanda mara mbili alipohamisha mpaka, kwa sababu la kwanza lilikauka.

Baba mdogo alikuwa nyuma ya nyumba akikatakata migomba ya ng'ombe kwa panga. Nilisimama mbele yake na lile jani kwenye viganja viwili. Nikampa shikamoo. Alikata vipande vingine vitatu au vinne ndipo akaitika.

"Baba mdogo, nimekosa."

Akalitazama jani. "Nani amekwambia?"

"Mama."

"Mama yako anasema sana siku hizi. Ni hilo darasa lenu."

Akafuta mkono kwenye suruali, akalipokea, akalitia mfuko wa shati. Nikataka kuendelea kuomba radhi, nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, lakini yeye alinitangulia.

"Miti haina miguu," akasema.

"Haina, baba mdogo."

"Nimeona haya mbele ya watoto wa watu. Nimetembea mpaka stendi sijui nimepitia wapi."

 Nikasema picha nitaiondoa kesho asubuhi. Akaniuliza picha ina kosa gani. Nikamwomba basi aje siku yoyote watu wakiwapo, nimsafishe palepale nilipomchafua. Akasema ataona. Kisha akanionyesha fungu la majani lililokuwa limefungwa tayari, pembeni ya banda.

"Mpelekee mama yako. Lile limekaa tangu Jumapili, nilishindwa kulirusha."

Nikalibeba kichwani, mimi na sketi yangu ya mjini. Nikazunguka kwa njia ya mbele, sikuthubutu kupita juu ya masale. Krismasi tulichoma mbuzi mmoja, na aliyekata nyama ni baba mdogo, na mimi nilipewa kipande changu kama kawaida. Nilikula nimeinama.

Karatasi niliibandua mara tu niliposhuka mjini. Chini ya picha ya mama pakabaki ukuta mtupu, na kila mgeni aliuliza. Niliwajibu kwamba mwenye maneno hajafika. Siku zikapita, nikaanza kuhesabu zilizobaki kabla watu hawajarudi makwao na maonyesho hayajafungwa. Ningemwelewa kama angekataa kuja. Mimi, kwa yaliyomkuta pale, nisingerudi.

Walikuja siku mbili kabla ya mwaka mpya, yeye na mama, ukumbi umejaa kuliko siku ya ufunguzi. Baba mdogo alivaa koti lilelile. Niliomba watu wanisikilize. Nikasema kwamba mbele ya picha hii nilimdhalilisha baba yangu mdogo kwa jambo nisilolijua, na kwamba mpaka ule ulihamishwa na baba yangu mwenyewe kwa hiari yake, kwa sababu njema. Sababu sikuitaja, haikuwa yangu kuitaja. Baba mdogo alikuwa akiangalia dari, pale panapovuja.

Kisha nikafanya kazi yangu kama inavyotakiwa. Nikawawekea viti na chai, nikachukua kalamu, nikamuuliza mama hiki ni nini.

"Muulize yeye," mama akasema.

Baba mdogo akainuka, akasogelea picha. Alifuata masale kwa kidole bila kugusa, mpaka kwenye msesewe. Akasema mlango wa nyumba ulikuwa hivyo kweli, mama hajakosea. Akasema karatasi ile ya kwanza ilikuwa na maneno makubwa, hii iwe ya kawaida. Halafu akaanza kunitajia maneno, na mimi nikaandika, neno kwa neno:

"Kihamba cha kaka yangu, siku aliyoletewa mke. Ng'ombe bado yuko kwangu."

Nikaibandika. Kijana mmoja wa Dar akaisoma kwa sauti, akacheka, akanigeukia. "Mama, ng'ombe gani tena? Mbona mpaka sasa hajapelekwa kwa kaka?"

 Baba mdogo akamjibu, akininyooshea kofia yake.

"Alikuwa hajazaliwa huyu."

Nikaingia chumba cha nyuma kuwachemshia chai nyingine. Nililia humo mpaka ikachemka, nikaitia maziwa mengi, nikawapelekea.